Mwaka wa Kumsomea Mama Zuhura

Zuhura alinipigia simu Jumatano jioni, nikiwa nafunga duka langu la kuchapisha na kutoa fotokopi pale Migosi. Sikuitambua nambari. Alijitaja jina, akasema mama yake alifariki asubuhi na wameshamzika, kisha akaongeza kwa sauti ya mtu aliyetumwa, "Alituambia watu wa kuambiwa. Wewe ni mmoja wao." Nilimpa pole, nikasema nitakuja, naye akakata simu kabla sijamaliza. Nikaketi kwenye kiti cha wateja na ufunguo mkononi. Nimeishi mji mmoja na mama yake miaka inayokaribia thelathini. Kutoka Migosi mpaka Kaloleni mtu mwenye miguu mizima hamalizi saa nzima, na katika miaka yote hiyo, tangu tulipoachana kazini, niliingia nyumbani kwake mara moja tu. Watu wanaonifahamu kanisani na sokoni hawajui hata kwamba niliwahi kufanya kazi na mwanamke huyo. Sikupenda kumtaja. Nikimtaja ningelazimika kueleza, na maelezo yenyewe ni haya.

Sitasema nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walikuwa nani, maana hawana sehemu katika jambo hili. Januari ya mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nina cheti cha uhazili na sketi mbili za kazini, na nilikuwa nimepata nafasi ya kupiga taipu katika ofisi ya wakili mmoja mjini Kisumu. Chumba chetu kilikuwa nyuma kabisa, ghorofa ya kwanza, juu ya hoteli ya samaki. Kulikuwa na meza mbili, kabati la chuma lisilofungika, na dirisha lililotazama mapaa ya mabati yenye kutu na, mbali zaidi, kipande cha ziwa. Mwaka huo magugu yalikuwa yamelifunika ziwa kiasi kwamba asubuhi mgeni angedhani ni shamba. Chumba kilinuka wino, karatasi za kaboni na mafuta yaliyokaangiwa ngege huko chini. Upande wa kushoto hatukuwa na ukuta wa mawe. Kulikuwa na mbao nyembamba tu zilizotutenga na Bwana Odhiambo, karani mkuu, kwa hiyo tulisikia kila alichosema na alivyokohoa. Wakili mwenyewe, ambaye sote tulimwita mkubwa, alikaa chumba cha mbele. Kwenye meza ya karibu na dirisha aliketi Mama Zuhura.

Alikuwa amepita miaka hamsini, mwanamke wa Kaloleni, mzaliwa wa mji, baba yake alitoka pwani na mama yake alikuwa mtu wa huku huku. Buibui lake alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango akabaki na kitambaa cha kichwani. Mashine yake ilikuwa nzito, ya kijivu, yenye roli ndefu ya kubebea karatasi pana za mahakamani, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Sijawahi kumwona mtu mwingine akipiga taipu namna ile. Chuoni mwalimu alitufunika herufi kwa kipande cha kadibodi ili tujifunze kutotazama vidole, na nilifaulu mtihani huo, lakini nilipomsikiliza Mama Zuhura nilijua kwamba nilichofaulu ni mtihani tu. Alikaa wima, uso ameuelekeza dirishani, na mstari ukienda, kengele ikilia, mkono wa kushoto ukirudisha roli bila kukawia, mstari mwingine ukianza. Mvua ya mawe juu ya mabati ndiyo pekee ninayoweza kuilinganisha na sauti ile.

Tulipobadilisha utepe wa wino, kazi iliyotuchafua vidole sote wawili, alikuwa akinisimulia habari za mashine yenyewe. Alikuwa na kitabu cha zamani cha mafunzo, kisicho na jalada, alichokibeba tangu siku zake za chuo, na sura yake ya kwanza ilikuwa historia ya taipureta. Hakukifungua. Aliisema sura nzima kwa moyo. Kulikuwa, alisema, na Mwitaliano mmoja aliyekuwa na rafiki mwanamke asiyeona, akamtengenezea mashine ili aweze kuandika barua zake bila kumtegemea mtu. Wengi waliokuja baada yake walikuwa wakitafuta jambo hilo hilo, kipofu aandike. Miaka mingi baadaye, huko Marekani, kiwanda kilichotengeneza bunduki na cherehani kikaanza kutengeneza taipureta za kuuza. Zile za kwanza zilifanana na cherehani kweli, zimenakshiwa maua, na chini kuna kanyagio la kurudishia mstari. Ziliandika herufi kubwa tu. Tena karatasi ilijificha ndani, herufi zikiipiga kutoka chini, hivyo aliyekuwa akiandika hakuweza kuona alichoandika mpaka mistari kadhaa ipite. "Fikiria," aliniambia, "watu waliandika ulimwengu mzima bila kuona." Hapa kwetu, aliendelea, zilikuja na reli pamoja na serikali, na mwanzoni walioketi nyuma yake walikuwa wanaume, makarani wa misheni waliovaa kaptula za kaki na soksi ndefu. Alipoanza yeye kazi, katika chumba hicho hicho, wateja wazee walikuwa wakimwuliza karani yuko wapi huku wamemkodolea macho. Nilizipenda hadithi hizo kama kijana anavyopenda hadithi, bila kujiuliza kwa nini mtu huzisema kwa moyo wakati kitabu kiko mezani.

Katika majuma yale ya kwanza alinipa karatasi za mkubwa nimsomee. Alisema mwandiko wa mkubwa umeharibika na macho ya kijana ni makali zaidi. Niliona ni heshima. Kisha nikaanza kuona mambo mengine. Akimimina chai, kidole chake kilikuwa ndani ya kikombe. Akila mchana, aligusa sahani kwanza pande zote, taratibu, kabla ya kutia mkono. Bwana Odhiambo akiingia bila kuongea, Mama Zuhura hakugeuka mpaka akohoe. Mwezi wa tatu, siku ya mvua, nilimpa hati moja aihakiki. Aliishika mbele ya uso kwa muda, akatikisa kichwa akisema mkubwa anazidi kuandika kama kuku. Karatasi ilikuwa juu chini.

Nilimwambia hivyo, kwa sauti ndogo. Hakushtuka. Aliiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja, akaniomba nifunge mlango.

"Yalianza kufa pembeni," alisema. "Nikadhani ni uchovu. Sasa nimebaki na kitundu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Na chenyewe kinafunga."

Nikamwuliza kuhusu daktari. Alisema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi. Alikuwa amepewa dawa ya matone, lakini kliniki ilikuwa siku za kazi, na kuomba ruhusa kila mwezi kungezua maswali, kwa hiyo alikuwa ameacha kwenda. Nikamwuliza ni nani anayejua. Akasema, "Wewe." Binti yake, Zuhura, alikuwa chuo cha ualimu, angemaliza Novemba, na alijua tu kwamba mama yake huvaa miwani na kuumwa kichwa. "Nataka mwaka huu tu," alisema Mama Zuhura. "Zuhura akiwa mwalimu, mimi nikae nyumbani nipofuke kwa raha zangu. Nisomee mpaka Novemba, Beldina. Sitakuomba jambo lingine."

Nikakubali bila kufikiri, na nikiwa mkweli, nilikubali kwa furaha. Nilisogeza meza yangu ikagusana na yake, tukasema ni kwa ajili ya mwanga. Nilimsomea karatasi kwa sauti ya chini, sentensi kwa sentensi, na mashine yake ikifunika sauti yangu. Mtu aliyekuwa upande wa pili wa mbao alisikia kishindo cha kazi tu. Nilipokosea kusoma neno la Kiingereza cha mahakama, yeye alilisahihisha vidole vikiwa vimeshalipita. Wosia, mauzo ya mashamba ya miwa huko Muhoroni, talaka, ugomvi wa mipaka, vyote vilipita mdomoni mwangu vikaingia mikononi mwake. Ndivyo nilivyojifunza kazi. Saa saba tulikula pamoja, mimi na ugali wangu na omena, dagaa wa ziwani, yeye na chapati na maharagwe, na kila mmoja alikula zaidi chakula cha mwenzake. Jumamosi nyingine alinialika Kaloleni. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili vyenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza, pazia la ushanga mlangoni, na taipureta ndogo mezani iliyofunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe zamani. Majirani walikuja kuandikiwa barua, huyu ya mwanawe aliyeko Uarabuni, yule ya chifu. Alipika samaki wa mbuta kwa nazi, jambo ambalo kwetu hakuna aliyewahi kulisikia, na nilikula hadi nikaona aibu. Aprili, wakati wa likizo, nilimkuta Zuhura, msichana mrefu mwenye mzaha, ambaye alinicheka kwa Kiswahili changu chenye lafudhi ya Dholuo, lugha ya kwetu, na kunifungia mandazi ya kurudi nayo. Leo nikihesabu watu ambao waliwahi kunifanya nijione nina nafasi duniani, mama na binti hao wako mwanzoni.

Mwezi wa sita tulisikia maneno nyuma ya mbao. Mkubwa alikuwa amekuja chumbani kwa Bwana Odhiambo, jambo la nadra, na walizungumza juu ya mashine. Kompyuta moja, Bwana Odhiambo alikuwa akisema, inafanya kazi ya watu watatu, na haichafui. Mkubwa akauliza na wale wamama itakuwaje. Bwana Odhiambo akajibu kwamba mmoja atapelekwa kozi, na mwingine wataona. Vidole vya Mama Zuhura vilisimama katikati ya neno. Vilikaa hewani kwa muda wa pumzi mbili au tatu, kisha vikaendelea. Jioni, tukiwa tunafunika mashine, alisema kompyuta haina kelele. Mimi nilikuwa nikifikiria nafasi yangu. Yeye alikuwa ameshafikiria kwamba katika chumba kisicho na kelele hakuna namna ya kumsomea mtu kwa siri.

Julai alinitamkia wazi. Nikiulizwa kuhusu kozi, niombe ingoje Januari. Niseme nina jambo la nyumbani, niseme chochote. Kozi hizo hazitakwisha, alisema, lakini yeye akiachwa peke yake hata wiki moja atajulikana. Nilimwahidi. Nilimshika mkono nikamwahidi. Siku nne baadaye Bwana Odhiambo aliniita kwenye ngazi, mahali ambapo hatungesikika, akaniambia kozi inaanza Agosti, wiki tatu. Nikasema ningependa kungoja. Bwana Odhiambo hakuwa mtu mbaya. Alinitazama kwa huruma.

"Nyathina, mwanangu," alisema, "hapa hakuna mtu atakungoja. Ukikataa, mkubwa anachukua msichana wa Nairobi. Huyo anakuja akijua hiyo maneno ya kompyuta tayari. Sasa wewe utapiga taipu ya nani?"

Nikasema nitaenda. Ilichukua muda mfupi kiasi hicho. Mara nyingi nimejaribu kukumbuka kama nilisitasita, nikatafuta hata dakika moja ya mapambano moyoni ili nijipe nayo heshima kidogo, na siipati. Nilimweleza Mama Zuhura kesho yake tukila. Alimaliza kutafuna. "Wiki tatu?" akauliza. Nikasema tatu. "Wiki tatu si nyingi," alisema, akanisogezea bakuli la maharagwe. Ningemshukuru kama angenikemea.

Kozi ilikuwa katika jengo jipya. Tulivua viatu mlangoni kwa sababu ya vumbi, tukaingia kwenye zulia kama watu wanaoingia mahali pa kuswali, na mashine kumi na mbili zilikuwa zimepangwa ukutani zikinguruma polepole. Siku ya kwanza nilikosea neno, nikabonyeza kitufe nilichoonyeshwa, neno likatoweka. Halikufutwa wala kupakwa tipeksi. Lilikuwa kana kwamba halikuwahi kuandikwa. Nilicheka peke yangu. Wiki hizo tatu nilikuwa na furaha, na ni lazima niliseme hilo, maana wakati ninacheka, Mama Zuhura alikuwa akiketi peke yake mbele ya karatasi asizoweza kuzisoma.

Wiki mbili alijimudu. Hati nyingi zinafanana, naye alizijua kwa moyo, na mapengo aliyajaza kwa hila: alimwomba Bwana Odhiambo amsomee jina hili au lile, akidai miwani imevunjika. Wiki ya tatu alikuja mjane mmoja kutoka Otonglo, Mama Akoth, ambaye shemeji yake alikuwa amemnyang'anya shamba. Hati yake ya kiapo ilitakiwa kuwa mahakamani kabla ya siku kwisha. Mkubwa alikuwa ameandika maelezo yake kwa kalamu, na Mama Zuhura, kwa vile hakuweza kuyasoma, alimwita mjane mwenyewe kwenye chumba cha nyuma akamwambia asimulie upya, polepole. Yule mama alisimulia kwa Dholuo. Mama Zuhura aliyageuza maneno kuwa Kiingereza cha kiapo huku akipiga. Ukurasa wa kwanza ulikuwa utangulizi wa kawaida. Ukurasa wa pili ulikuwa maisha ya mjane. Wa tatu ulikuwa maneno ya kufunga na mahali pa sahihi. Mkubwa, ambaye kwa miaka mingi hakuwa amekuta kosa katika kazi ya Mama Zuhura, alifungua moja kwa moja ukurasa wa tatu. Mjane akaweka dole gumba, hati ikapelekwa.

Ilirudi kabla ya saa kumi. Siku hiyo ndiyo niliyomaliza kozi, nikapitia ofisini nikiwa na cheti ndani ya bahasha ili nikionyeshe. Bwana Odhiambo alinipokea mlangoni akaniambia niende mbele. Ndani, mkubwa alikuwa amesimama. Mjane alikuwa ameketi pembeni, analia bila sauti, leso mdomoni. Mama Zuhura alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono pembeni. Mkubwa alikuwa amempa ukurasa wa pili akamwambia ausome, naye alikuwa ameushika akashindwa, na sasa kila mtu chumbani alijua. Nilipewa niutazame. Ulikuwa umejaa herufi zisizo na maana kuanzia juu hadi chini, zimepangwa vizuri, aya kwa aya, kijimstari cha mshazari mahali pa kila nukta. Mahali palipotakiwa kusomeka Akoth pameandikwa Slpyj.

Nilielewa mara moja. Alipoingiza karatasi ya pili, aliweka vidole kitufe kimoja upande wa kulia. Ni hayo tu. Asiyeona hana namna ya kujua. Kishindo ni kile kile, kengele inalia pale pale. Na kwa sababu hiyo ukurasa ule ulisomeka. Mtu aliyefunzwa taipu angerudisha kila herufi hatua moja kushoto na kuupata wote. Ningeweza kusema: nipeni nusu saa. Mahakama ilikuwa haijafungwa. Maneno hayo yalifika kinywani kabisa. Lakini mkubwa alikuwa ameshaniuliza jambo lingine.

"Beldina, unakaa naye kutwa. Ulijua macho yake yamefika hapa?"

Nilikuwa na bahasha kwapani. Nikasema, "Sikujua."

Mama Zuhura aligeuza uso kuelekea nilikosimama. Hakuukosa uso wangu hata kidogo, ingawa sidhani kama aliuona. Kisha akamgeukia mkubwa. "Ni kweli," alisema. "Hakujua. Nilimficha kama nilivyowaficha ninyi." Alisema kwa sauti ya kawaida, ile aliyoitumia kuitisha kaboni. Akamwomba radhi mjane kwa Dholuo, akaomba apewe buibui lake, na Bwana Odhiambo akamshika mkono wakashuka ngazi. Mimi sikutoka kumsindikiza.

Walipoondoka wote nilibaki chumba cha nyuma na ukurasa ule. Nilichukua penseli nikaurudisha herufi kwa herufi. Alivyoolewa, alivyozaa, mume alivyougua, shemeji alivyokuja na watu akapanda miwa mpaka mlangoni, alivyolala jikoni na watoto. Kiingereza chake kilikuwa safi, hakuna neno la ziada. Katika ukurasa mzima hapakuwa na kosa hata moja. Jumatatu niliupiga upya kwenye kompyuta iliyokuwa imeletwa, ukapelekwa ukiwa umechelewa, kesi ikaahirishwa hadi mwaka uliofuata, na mwisho wake siujui, maana mjane alitafuta wakili mwingine. Barua ya pili niliyoipiga kwenye kompyuta ile ilikuwa ya kumwachisha kazi Mama Zuhura. Ilikuwa fupi na ya adabu. Nilipokosea jina lake nilibonyeza kitufe, kosa likatoweka.

Zuhura alikuja kutoka chuoni kukaa na mama yake wiki mbili, mpaka apatikane mtu wa kumshika mkono. Hakurudi tena chuoni. Habari hiyo niliipata kwa Bwana Odhiambo karibu na Krismasi, naye ndiye aliyenisukuma niende kumsalimu. Nikaenda. Mama Zuhura alinitambua kwa hatua nikiwa bado uani, akaniita kwa jina, akamwambia Zuhura alete chai. Zuhura aliiweka chini akatoka bila kunitazama. Tulikaa kama zamani, yeye akiuliza habari, mimi nikijibu. Akauliza kama kompyuta ina kengele mwisho wa mstari. Nikasema haina.

"Sasa unajuaje umefika mwisho?"

"Inashuka yenyewe, Mama. Huna haja ya kujua."

Alitafakari hilo, akatabasamu, akasema hiyo si mbaya. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu, nimeyapanga njia nzima, lakini alipotabasamu yalinishinda. Nikaaga. Niliahidi kurudi Jumamosi. Jumamosi hiyo nikapata sababu, na iliyofuata pia, na baadaye sikuhitaji tena sababu. Taipureta za ofisi ziliuzwa katika soko la Kibuye kwa watu wa vyuma chakavu. Mimi nilikaa kwenye kompyuta ile na zilizokuja baada yake, nikapanda, nikaacha, nikafungua duka, nikasomesha watoto. Maisha yangu yote ya baadaye yamejengwa juu ya wiki tatu zile, na neno moja nililolisema nikiwa na bahasha kwapani.

Nilienda Kaloleni siku ya tatu, baada ya dua, nimejifunga leso kichwani. Wanawake walikuwa mikekani uani, wengine nikiwakumbuka, wamezeeka. Zuhura aliniingiza chumba cha ndani, alimokuwa akilala mama yake. Naye ana mvi sasa, amenenepa, na viganja vyake vina makovu ya moto wa mandazi anayouza kila asubuhi. Alinipa chai, akafunga mlango, akaketi kitandani mkabala nami.

"Mama alisema wewe hukujua," alisema. "Miaka yote. Nikikutaja vibaya ananikataza, anasema msichana wa watu alifichwa kama wengine. Sasa hayupo, nakuuliza mwenyewe. Ulijua?"

Jibu lilikuwepo tayari. Mama yake ndiye aliyenitengenezea, na hakuna mtu aliyebaki wa kulipinga. Hata Bwana Odhiambo tulimzika zamani. Nadhani, kama angeuliza mtu mwingine yeyote, ningelitumia.

"Nilijua," nikasema. "Tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa namsomea kila siku."

Nje mtoto aliitwa akaitika. "Likizo ile ya Aprili," Zuhura akasema, "nilikuuliza hapo mlangoni kwa nini mama anashika ukuta akienda jikoni."

"Nakumbuka."

"Ukaniambia amechoka."

"Ndiyo."

"Daktari wa Nairobi aliniambia baadaye kwamba tungemfikisha mwaka huo mwanzoni, kile kidogo kilichokuwa kimebaki kingeshikiliwa. Angekuwa akiniona." Aliyasema hayo taratibu, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma maandishi ya mtu mwingine. Nilikuwa nimedhani kosa langu ni lile la kumkana mbele ya mkubwa. Kwa miaka thelathini nilikuwa nimelibeba hilo peke yake. Haikuwa imenijia kwamba hata ile miezi niliyoiona kuwa mizuri, miezi niliyojivunia kutunza siri, ndiyo iliyomaliza kumfunga macho.

Nilifungua mdomo nimwombe msamaha. Zuhura akainua mkono, si kwa hasira, kama mtu anayezuia mlango usijifunge.

"Kunywa chai yako," alisema. "Ukimaliza uende."

Nikanywa. Kikombe kilikuwa kimejaa na chai ilikuwa moto, kwa hiyo ilichukua muda, naye alikaa pale kitandani akaningoja mpaka tone la mwisho. Nilipokiweka chini alikichukua, akanifungulia mlango wa nyuma, ule usiopitia kwa wageni, nikainama nikatoka.